Neno "khaki": ni rangi, ni kitambaa, au ni askari?

Mwalimu_Kihonda:

Habari za jioni, ndugu zangu. Nafundisha Kiingereza kidato cha pili, Morogoro. Juzi tulikuwa na kifungu cha ufahamu chenye maneno "men in khaki". Nikawaambia wanafunzi khaki ni rangi. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, mama anauza bahasha za kaki, zina rangi ya mchanga. Kaka yangu ana suruali ya kaki, ni ya kijani kijani. Mgambo wa mtaani kwetu wanavaa kaki ya njano. Sasa kaki yenyewe ni rangi gani?"

Nimemwahidi jibu kamili, na nataka liwe la kweli. Kamusi ya Kiingereza niliyo nayo inasema tu kwamba neno limetoka Kiurdu na maana yake ni "vumbi". Naomba msaada kwa haya: neno la vumbi liliingiaje jeshini? Kwa nini rangi hazifanani? Na hayo "men in khaki" niyatafsiri vipi?

Fundi_Chumbageni:

Mwalimu, salaam kutoka Tanga. Mimi ni fundi cherehani. Kazi nilifundishwa na baba mdogo, na sehemu kubwa ya kazi yetu ilikuwa sare: shule, walinzi, mgambo. Kaki imepita mikononi mwangu kuliko kitambaa kingine chochote, na habari zake nimezitafuta kwa muda mrefu kwa sababu nazipenda. Nitaandika kwa urefu, univumilie.

Tuanze na mzizi. "Khak" ni Kiajemi, maana yake vumbi au udongo. Ile "i" ya mwisho ndiyo ileile inayomfanya mtu wa Shiraz aitwe Shirazi. Kwa hiyo khaki ni kitu cha udongo, chenye sura ya vumbi. Kiurdu kililipokea neno hilo kutoka Kiajemi, na Waingereza wakalikuta India.

Sasa jeshi. Mwaka 1846, huko Peshawar, mji ambao leo uko Pakistan karibu na mpaka wa Afghanistan, ofisa aitwaye Harry Lumsden alipewa kazi ya kuunda kikosi kidogo cha wenyeji, Corps of Guides, watu wa kuongoza njia na kupeleleza. Wakati huo askari wa Uingereza alivaa koti jekundu la sufu, na siku za joto kule India alivaa pamba nyeupe. Nchi ile ya mpakani ni milima mikavu, mawe na vumbi. Mtu mwenye nyekundu au nyeupe anaonekana kutoka ng'ambo ya bonde, na bunduki iko ng'ambo hiyohiyo. Lumsden akawavisha watu wake nguo pana za pamba za mtindo wa kule kwao, zimetiwa rangi ya ardhi wanayoikanyaga. Wenyeji wakaiita rangi hiyo kwa neno lao la kila siku, khaki.

Mwaka 1857 ukazuka uasi mkubwa India. Vikosi vya Waingereza vilivyokuwa na nguo nyeupe vikaanza kuzitia rangi vyenyewe, kwa chochote kilichopatikana kambini: majani ya chai, kahawa, tope, hata unga wa bizari. Hapa naomba mtu yeyote aliyewahi kushika nguo asimame kidogo. Rangi ya chai haishiki. Ukifua inachuja, ukianika inapauka, na kila sufuria inatoa rangi yake. Kikosi kimoja kilikuwa na kahawia, kijivu, njano na rangi zisizo na jina, na zote ziliitwa khaki. Vita vilipokwisha, wengi walirudi kwenye nyekundu na nyeupe, kwa sababu hakuna jeshi linalotaka kusimama gwaride kila mtu na rangi yake.

Kwa hiyo yule binti wa dawati la nyuma ameona jambo la kweli. Neno hili halikuanza na rangi moja. Lilianza na kazi: nguo ifanane na ardhi. Na ardhi, Mwalimu, haina rangi moja. Udongo wa Lushoto ni mwekundu, wa Dodoma una rangi nyingine.

Kilichoifanya kaki iwe kaki tunayoijua ni mtu wa rangi, si mtu wa bunduki. Mwaka 1884 Frederick Gatty, mtia rangi wa mji wa Accrington, Lancashire, katika eneo la viwanda vya pamba vya Uingereza, alisajili njia ya kutia pamba rangi ya kaki isiyochuja. Siri yake ilikuwa madini. Pamba inaloweshwa kwenye maji yenye chumvi za chuma na kromi, kisha inapitishwa kwenye maji ya magadi. Hapo madini yanaganda ndani ya uzi wenyewe, hayayeyuki tena, na jua halina la kuyafanya. Chuma kinaleta ile rangi ya kutu, kromi inaleta kijani. Ukizidisha chuma, kitambaa kinakwenda kwenye njano na hudhurungi. Ukizidisha kromi, kinakwenda kwenye kijani. Suruali ya kaka yake binti na magwanda ya mgambo ni ndugu wa tumbo moja. Siku hizi viwanda vinatumia rangi za aina nyingine na pamba mara nyingi imechanganywa na polista, lakini njia mbili zile, ya njano na ya kijani, zimebaki.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Kufikia 1897 wanajeshi wa Uingereza waliotumwa ng'ambo walikuwa wamewekewa sare ya kaki, na mwaka 1902 ikawa sare ya kazi hata kwao nyumbani, ingawa ile ya kwao ilikuwa ya sufu na nzito zaidi. Wamarekani waliichukua mwaka 1898 walipopigana na Hispania.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo haikutoka kwa mafundi. Mwaka huohuo wa 1884, Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyotoa moshi. Kabla yake, risasi chache tu zikilia, uwanja unajaa moshi, na rangi kali za makoti zilimsaidia kamanda kuwaona watu wake. Baada yake, mpigaji hajulikani yuko wapi, na mwenye rangi kali ndiye anayelengwa kwanza. Cha kusikitisha ni kwamba Wafaransa wenyewe, nchi ilikotengenezwa baruti hiyo, waliingia vitani Agosti 1914 wakiwa na suruali nyekundu. Vijana wengi walikufa ndani ya suruali zile kabla jeshi halijawapa rangi ya samawati iliyofifia. Mimi nikifikiria jambo hili huwa nanyamaza. Mtu aliyekata vitambaa vile alijua kazi yake vizuri. Waliochagua rangi ndio hawakutaka kusikia.

Kwenye Kiingereza cha leo neno lina maana nne za karibu. Rangi. Kitambaa chenyewe, pamba nzito iliyofumwa kwa mistari ya mshazari. Suruali, hasa Marekani, wanaposema "khakis", vazi la kwenda nalo ofisini bila tai. Na uaskari: mtu "in khaki" ni mtu aliye jeshini. Waingereza wana hata uchaguzi wa kaki, wa mwaka 1900, uliofanyika vita vya Afrika Kusini vikiendelea, chama cha Salisbury, waziri mkuu wao, kikashinda kwa kutegemea hamasa ya vita. Tangu hapo uchaguzi wowote unaofanyika katika joto la vita huweza kuitwa hivyo.

Jambo jingine la kumwambia binti: Mwingereza akisema khaki mara nyingi anawaza rangi inayoelekea kijani, Mmarekani anawaza ya mchanga. Wakibishana kuhusu rangi ya suruali moja, wote wako sawa kwa lugha ya kwao.

Kwa tafsiri yako, kama kifungu kinahusu wanajeshi, mimi ningeandika "wanaume waliovaa magwanda", au "askari" tu. Ukiandika "watu wenye kaki", msomaji atadhani wanagawa bahasha.

mjukuu_wa_KAR:

Mzee, shikamoo. Nimesoma yote mara mbili. Niko Nairobi, naongeza ya upande wetu.

Kwenye vita vya Afrika Kusini vya 1899 hadi 1902, Makaburu waliwaita askari wa Uingereza kwa jina la nguo yao, "khakis" au "kakies". Kuna gugu moja refu lenye harufu kali, kisayansi Tagetes minuta, asili yake Amerika Kusini. Kwa Kiafrikana linaitwa "khakibos", kichaka cha kaki, kwa sababu inasemekana mbegu zake zilienea huko pamoja na chakula cha farasi wa jeshi la Uingereza. Gugu hilo limejaa mashambani kwetu pia, ukilishika mkono unanuka siku nzima. Kwetu halina jina la kaki, lakini shambani mwa nyanya nikiling'oa huwa nakumbuka habari hiyo.

Babu yangu alikuwa King's African Rifles (KAR), jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki, alipelekwa Bama, nchi ambayo leo inaitwa Myanmar, vita vya pili vya dunia. Alikuwa akituambia walitoka nyumbani na kaki na kule wakavaa kijani. Nilipokua nikasoma kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa majeshi yote ya upande huo: kwenye msitu wa Bama kaki ilikuwa inang'aa, ikabidi mwanzoni nguo zilezile zitiwe kijani, kisha zikaja zilizotengenezwa kijani kabisa. Kaki ni ya nchi kavu. Ukiipeleka mahali pasipo vumbi haina kazi.

Kwetu Kenya ukitaja kaki mashambani, mtu anamwaza chifu. Hata leo chifu akiingia kwenye baraza na kaki yake na kofia, watu wanakaa sawa. Sidhani kuna mtu anayewaza Peshawar hapo.

Mwenyeji_wa_Lindi:

Samahani wakubwa, mimi niliambiwa kaki ilikuja na Mjerumani. Wazee wa kwetu walikuwa wanasimulia askari wa Mjerumani na kaki zao, kabla Mwingereza hajafika. Sasa neno la Kiingereza limeingiaje?

Fundi_Chumbageni:

Ndugu wa Lindi, wazee wako walisimulia walichokiona. Askari wa Mjerumani alivaa kaki kweli, hata tarbushi yake ilivishwa kifuniko cha kaki. Mwaka 1914 hadi 1918, pande zote mbili zilizokuwa zikiwindana katika nchi yetu zilivaa nguo ya jina moja. Ila Mjerumani naye anaiita Khaki, na neno hilo alilipata kwa Mwingereza, ambaye alilipata India. Kwa hiyo hata kama babu yetu wa Lindi alilisikia kwanza kutoka kwa Mjerumani, njia ya neno ni ileile.

Na umenikumbusha jambo ninalolipenda kuliko yote katika habari hii. Vita vilipoanza, manowari za Uingereza zilifunga pwani yetu, vitambaa kutoka Ulaya vikakatika. Jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani huku kwetu, likabaki na pamba ya hapa na mafundi wa hapa. Pamba ikasokotwa na kufumwa hapahapa, na kwa rangi wakatumia mizizi ya mdaa, mmea ambao watu wa pwani wanaujua tangu zamani kwa kutia rangi ukindu. Ulitoa hudhurungi ya njano, na askari wakaivaa. Wale waliokuwa wakiichemsha ile mizizi hawakuandikwa majina. Lakini walifanya kazi ileile ya Accrington, bila kiwanda na bila hati ya kusajiliwa, nguo ikavaliwa vitani.

mjukuu_wa_KAR, marahaba. Ya Bama sikuyajua kwa undani huo, asante. Babu yako aliiona kaki ikishindwa, na si wengi wanaoweza kusema hivyo.

BintiMvita_Deira:

Assalamu alaykum. Mimi ni mtu wa Mombasa, nafanya kazi Dubai katika duka la vifaa vya ofisi, na wenzangu wengi ni Wapakistani, wawili wanatoka Peshawar penyewe. Leo mchana nimewauliza.

Wanasema kwao "khak" bado ni neno la kila siku. Ni vumbi la njiani, na ni udongo unaomwagiwa maiti kaburini. Kwa hiyo kwao khaki si neno la jeshi kwanza, ni neno la ardhi, na binadamu naye anaweza kuitwa khaki kwa kuwa ameumbwa kwa udongo. Jeshi ni baadaye. Mwenzetu Mhindi akasema kwao "khaki vardi", sare ya kaki, ukiitaja tu mtu anajua unasema polisi.

Lakini kilichonifurahisha ni bahasha. Nikawaonyesha bahasha ya kahawia dukani, nikauliza hii mnaiitaje. Wakajibu papo hapo: "khaki lifafa". Bahasha ya kaki! Neno kwa neno kama sisi, wakati Mwingereza yeye anasema tu bahasha ya kahawia. Mimi naamini matumizi haya yalikuja kwetu kupitia Wahindi wenye maduka ya Mombasa, Zanzibar na Dar, si kupitia kwa Mwingereza. Sina hati mkononi, lakini mwenye duka ndiye anayeipa bidhaa jina, na wenye maduka ya karatasi walikuwa wao.

Karatasi yenyewe ina rangi ile kwa sababu haijasafishwa kuwa nyeupe. Ni rangi ya mti uliosagwa na kupikwa, haikutiwa chochote. Mifuko ya karatasi iliyotapakaa Kenya baada ya plastiki kupigwa marufuku 2017, na Tanzania 2019, ni karatasi ya jamii hiyohiyo.

Kuhusu matamshi: kh yao ni kama ya "kheri" anavyoitamka mtu aliyesoma chuoni, inatoka kooni. Mwingereza aliiacha akabaki na k. Sisi tunaandika kaki, bila h, na hivyo ndivyo inavyotamkwa.

Mwalimu_Kihonda:

Shikamoo Fundi, na asanteni nyote. Nimechapisha maelezo haya nitayasoma darasani Jumatatu. Dada wa Deira, hoja yako ya wenye maduka nitaipeleka kwa wanafunzi kama swali, wakawaulize wazee wao wenye maduka.

Fundi, naomba jambo jingine ambalo si la lugha. Shule yetu inabadilisha sare, kamati imechagua kaptula na sketi za kaki. Wazazi wanalalamika kwamba sare za mwaka jana zilipauka kabla ya muhula wa pili. Nimetumwa nikaangalie vitambaa. Nitaijuaje kaki nzuri?

Fundi_Chumbageni:

Marahaba, Mwalimu. Hili ndilo linalonikosesha usingizi zaidi ya historia yote, kwa sababu mzazi anayenunua kaptula mbili kwa mwaka hana ya tatu.

Usichague kwa kuangalia kwenye taa ya duka. Omba kipande, toka nacho juani. Kikunjue ukiangalie kwa upande wa nje na wa ndani. Rangi iliyoshika vizuri inaonekana pande zote mbili na hata ndani ya uzi ukiuchomoa. Ukiuchomoa uzi ukakuta katikati ni mweupe, rangi imekaa juu tu, hiyo itapauka. Kisha lowesha leso nyeupe, sugua kitambaa kwa nguvu. Leso ikichafuka, rudisha kipande, shukuru, nenda duka jingine.

Angalia mistari ya mshazari. Kwenye kaki nzuri mistari iko karibu karibu na imebana, ukiinua kitambaa mbele ya jua hutaona matundu. Mtoto anakaa kwenye dawati la mbao saa nyingi, makalio ya kaptula ndiyo yanayokwisha kwanza, na kitambaa kilegevu hakifiki hata mwisho wa mwaka.

Pamba tupu inarudi ikifuliwa. Kama ni pamba tupu, mwambie fundi wenu ailoweshe usiku mmoja na kuianika kabla ya kukata. Fundi akikataa kwa kuwa ana haraka, sare za watoto zitapanda juu ya magoti mwezi wa kwanza. Ya mchanganyiko wa polista hairudi sana na haipauki upesi, ila ina joto; kwa Morogoro mimi ningetafuta yenye pamba nyingi kuliko polista.

Mwisho, nunueni majora yote kwa pamoja, na yatoke kwenye mzigo mmoja. Jora la leo na jora la mwezi ujao, hata yakiwa na lebo moja, hayafanani. Yaweke mawili bega kwa bega juani saa sita mchana, utaona moja limekwenda kwenye njano na jingine kwenye kijani. Ikitokea mmelazimika kununua mara mbili, kateni sketi kutoka mzigo mmoja na kaptula kutoka mwingine. Msichanganye ndani ya vazi moja. Mkishapata bei, iweke hapa, nitakuambia kama ni ya haki.